Mfugaji wa Viluwiluwi

Jumatatu, 2 Novemba 1953. Kijiji cha Ndama.

Leo tumeitwa uani kwa Kakuru, mkungu wetu, yaani mkuu wa kijiji, wanaume kwa wanawake. Nilidhani ni habari ya kodi, nikaenda na shati lililochanika. Kumbe ni mbu!

Amekuja Bwana Afya, jina lake Nuwagaba, kijana mwenye kofia ngumu na baiskeli anayoifuta kila baada ya sentensi mbili. Amesema homa inaletwa na mbu, na mbu wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama. Akainua chupa. Ndani viluwiluwi wanajinyonganyonga. Akaanza kueleza maisha yao, kutoka yai mpaka sijui wapi. Hapo nilisinzia kidogo. Mimi, Protase Kashaija, niliyekwenda vitani Burma na Keya, jeshi la Mwingereza, nifundishwe mbu na mtoto wa juzi! (Nilikuwa jikoni, namenya viazi. Lakini mbu wa Burma hawakubagua wa jikoni.)

Nikaamshwa na neno chandarua.

Ni kimoja tu. Cheupe, kipya. Bwana Afya atarudi tarehe 16 kukagua kila kaya. Itakayokutwa haina kiluwiluwi hata mmoja, inakichukua. Dafroza, mke wangu, alikitazama kile chandarua kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake. Ana mimba ya miezi saba. Mtoto wetu wa kwanza, Placidia, alichukuliwa na homa mwaka juzi, ana miezi minane. Siku tatu tu. Watu bado wanamwita Mama Placidia, na Placidia hayupo.

Njiani akaniambia anakitaka chandarua kile. Akaongeza kwamba safari hii hataki ujanja, anataka jembe. Nikaapa. Mimi huapa vizuri sana.

Anayenikera ni jirani yangu Ndyamukama. Naye anakitaka, eti kwa ajili ya mama yake mzee. Ng'ombe ishirini na saba, bado anataka na chandarua! Tangu utotoni ananiita mkulima kana kwamba ni ugonjwa wa ngozi. Lakini amekwisha. Uani kwake kuna hori kubwa la udongo la kunyweshea ng'ombe, nalo kila nikipita jioni limejaa maji. Bwawa la mbu kabisa. Ameshindwa kabla hatujaanza.

Jumanne, 3 Novemba

Dafroza kaamka na jembe. Tumbo mbele, jembe begani. Amefukia mashimo mawili kabla sijamaliza kunawa uso. Mimi nilikuwa nasimamia.

Balaa limegunduliwa nyuma ya jiko. Mtumbwi wangu wa pombe, ule mti uliochongwa tunamokanyagia ndizi za rubisi. Niliuacha umekaa wazi tangu harusi ya shemeji Gaudiosus, mvua imeujaza. Nikachungulia. Salaale! Viluwiluwi kama ugoro. Dafroza akasema niupindue sasa hivi. Nikamwambia ndiyo, mke wangu, sasa hivi.

Nimeshika ukingo, nikasita. Kumwaga? Hawa wote? Ndyamukama ana hori, mimi nina viluwiluwi. Mungu hakuviumba vitu hivi viwili karibu karibu bila sababu. Kwa nini nisafishe kwangu kwa jasho wakati naweza kumchafulia yeye kwa kibuyu kimoja?

Alhamisi, 5 Novemba

Nimeaibika. Lakini kazi imefanyika.

Nilijaza kibuyu viluwiluwi, nikakiziba mdomo kwa jani la mgomba, nikakiweka ndani ya kikapu kama mtu anayepeleka pombe ukweni. Hesabu yangu: Ndyamukama yuko machungani, mama yake amelala, mimi namwaga kwenye hori, narudi zangu. Hesabu nzuri! Nafika uani, Ndyamukama huyo hapo anakagua kwato. Na mama yake, bibi Kyomukama, kakaa mlangoni, hajalala hata jicho moja.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho yako kwenye kikapu. Mtu aliyebeba kibuyu kwenye kikapu analeta nini kwa jirani? Pombe, nini tena! Bibi akafurahi mpaka akasimama bila fimbo. Akasema mwanawe ameokoka tangu Pasaka na hagusi pombe, lakini ulokole ni wa mwanawe, si wa kwake. Akaagiza mrija. Mrija ukaja mbio.

Na desturi inajulikana. Aliyeleta pombe huonja kwanza, watu waone hakutia sumu. Bibi akanipa mrija, akasubiri. Ndyamukama akaacha kwato, akasubiri. Hata ng'ombe mmoja akageuka.

Nikanywa.

Mmoja alipita kooni anacheza. Nilimhisi. Nikameza, nikalamba midomo, nikasema lo, samahani bibi, imechacha, hii si ya kumpa mzazi! Nikaruka nacho, nikamwaga yote ndani ya hori, nikaaga na kukimbia. Kikapu na kibuyu nimeviacha kule kule. Tumbo linanguruma hadi sasa. Lakini hori limepandwa mbegu. Nani kasema mkulima si kitu?

Jumamosi, 7 Novemba

Nimepita kwa Ndyamukama asubuhi, kana kwamba naenda kanisani kuungama, ingawa kanisa liko upande wa pili.

Hori kavu! Kavu kama gome! Kumbe yale maji hujazwa jioni tu, na ng'ombe wale ishirini na saba hunywa mpaka wanalamba udongo. Asubuhi hori linasuguliwa kwa majani na kutiwa chumvi. Hakuna kinacholala humo. Jeshi langu lote limeishia tumboni mwa ng'ombe, isipokuwa yule mmoja niliyemchukua mimi.

Ndyamukama akaniuliza habari za tumbo langu. Kejeli hiyo. Akasema kibuyu changu kipo, ila hawezi kunirudishia kitupu, mama yake hatamwelewa. Chombo kilichokuja na kitu kinarudi na kitu. Nikamwambia asijali. Nilikuwa na haraka ya kuwaza.

Mbinu mpya! Wanatakiwa kutiwa kwenye hori alfajiri ya tarehe 16, Bwana Afya akiwa njiani. Basi ni lazima wangu wawepo mpaka siku hiyo, wengi na wanene. Nimeuburuta mtumbwi mpaka katikati ya migomba, nikaufunika kwa majani makavu. Dafroza nimemwambia nimeupindua. Alikuwa amefukia shimo la saba na kukusanya vigae vyote vya vyungu. Akanisifu. Nikasema ni kawaida yangu.

Jumatano, 11 Novemba

Nimekuwa mfugaji!

Kila asubuhi nafunua majani, natazama mifugo yangu. Nilihesabu mpaka sitini, wakachanganyika, maana hawasimami kama ng'ombe. Nawapondea ndizi mbivu. Wanakula au hawali, sina hakika, lakini ndizi inapungua. Mkubwa wao nimempa jina Gaudiosus, kwa heshima ya shemeji. Wote wawili hawatulii na hawana kazi.

Sasa naelewa kwa nini Ndyamukama anatembea kifua mbele. Mali inayotikisika ni mali! Mgomba utautazama mpaka lini?

Jambo moja linanitia wasiwasi. Kuanzia jana baadhi wamevimba vichwa, wamejikunja kama mtu mwenye msokoto wa tumbo. Gaudiosus ni mmoja wao. Hawagusi chakula. Ugonjwa wa mifugo umeingia na sina wa kumuuliza. Nikimuuliza Ndyamukama atataka kujua nafuga nini. Nimewaongezea ndizi.

Ijumaa, 13 Novemba

WIZI!

Nimefunua majani asubuhi. Hakuna mtu. Wote waliovimba vichwa wameondoka, pamoja na Gaudiosus! Zimebaki ngozi tupu zinaelea juu ya maji, kama nguo zilizovuliwa. Mwizi gani huyu anayechukua mtu na kuacha nguo?

Sihitaji kwenda kwa mganga. Ni Ndyamukama. Kanusa mpango wangu, kaja kuvunja zizi. Mlokole mzima! Kikulacho ki nguoni mwako.

Na si hilo tu. Jioni hii nyumba inalia mbu. Sijapata kuona! Wanatoka upande wa migomba kwa mafungu, wanaingia mlangoni kama wageni waliokaribishwa. Dafroza anajipiga miguu, anajipiga shingo. Akauliza wanatoka wapi, maana yeye hajaacha hata kigae kimoja chenye maji. Nikamwambia ni wa Ndyamukama hao. Ng'ombe huvuta mbu, hata Burma ilikuwa hivyo. Burma sikuona ng'ombe, lakini yeye hajui.

Jumamosi, 14 Novemba

Dafroza kaamka anasema kichwa kinauma.

Niliogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Placidia alianza hivyo hivyo, asubuhi kama hii, kakataa titi tu, tukasema ni meno. Nimemgusa Dafroza paji la uso mara kumi. Nilisali rozari nzima bila kuruka hata fungu moja, jambo ambalo sijalifanya tangu melini kwenda Burma. Nikamwahidi Mungu kuumwaga mtumbwi.

Mchana kichwa kikapoa. Lilikuwa jua na jembe tu. Akaniuliza mbona nimekaa karibu yake kutwa, nimekosa kazi? Nilitaka kumwambia habari za mtumbwi. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaona anatabasamu, na hajatabasamu siku nyingi, nikasema nitamwambia kesho.

Nikaenda kumwaga. Nikafunua majani. Mama wee, wengine wapya wamezaliwa! Wadogo wadogo, wamejaa tele. Mungu akitoa hivi, mtu utamwaga vipi? Nilifikiri pengine ile ahadi aliichukulia kama mazungumzo.

Jumatatu, 16 Novemba

Siku ya ukaguzi. Afadhali ningekuwa Burma.

Nilitoka alfajiri na sufuria, nikachota mifugo yangu mipya, tayari kwenda kwa Ndyamukama. Nilijua Bwana Afya ataanzia kwa mkungu Kakuru, kama wageni wote wanavyoanza, kwa sababu ya chai. Lakini mkungu alikuwa ameshamnywesha chai na kumtoa mapema. Wameanzia kwangu! Nageuka, naona kofia ngumu kati ya migomba. Nyuma yake mkungu, Dafroza, na majirani kama ishirini. Ndyamukama yumo, kavaa koti.

Bwana Afya akauliza nimebeba nini. Nikasema maji ya kupikia. Akachungulia sufuria, akachungulia mtumbwi, akachovya kidole. Akauliza kama desturi ya kaya hii ni kuwapika pamoja na ndizi.

Ndipo akaeleza mbele ya wote, polepole, kama anasomesha watoto, yale aliyoyasema siku ile nilipokuwa nimesinzia. Eti kiluwiluwi hukua, akavimba kichwa, akajikunja. Kisha huvua ngozi, anatoka na mabawa. Mbu huyo! Ngozi inabaki juu ya maji. Akaniuliza kama nimewahi kuona ngozi hizo. Nikasema kidogo. Mkungu akauliza wakishapata mabawa wanakwenda wapi. Bwana Afya akasema hawana haja ya safari ndefu, wanakwenda kwa mtu aliyelala karibu.

Watu wote wakageuka kumtazama Dafroza. Miguu yake, shingo yake, vipele vitupu. Naye akanitazama mimi. Tumeoana miaka sita, amekwisha kunitukana kwa Kiswahili na Kinyambo, sijawahi kuona jicho kama la leo. Nikamwambia Bwana Afya kwamba viluwiluwi wa Burma hawana tabia hiyo. Mkungu peke yake ndiye aliyecheka.

Dafroza kaupindua mtumbwi mwenyewe, na tumbo lile. Nilipoinama kusaidia aliniangalia, nikainuka.

Chandarua kimekwenda kwa Ndyamukama. Kwake hakukukutwa hata mmoja. Wizi mtupu, ng'ombe ndio waliofanya kazi yote.

Jumatano, 18 Novemba

Siku mbili Dafroza hajasema nami. Chakula napewa. Kinatua mezani kwa kishindo, anaondoka.

Leo mchana kaja bibi Kyomukama, kwa miguu, fimbo mkono mmoja, kikapu changu mkono wa pili. Nikajificha chumbani, nikasikiliza. Alisema amekuja kurudisha kibuyu cha Baba Placidia. Ndani ya kikapu kimo kibuyu, kimeoshwa. Na chini yake chandarua. Kile kile!

Bibi akasema yeye ni mzee, tena kila jioni anakaa kwenye moshi wa moto wa ng'ombe. Mbu atakayevuka moshi ule, basi ana njaa ya haki, na ale. Akasema mwanawe amekubali kwa moyo mweupe. Akasema yeye ndiye aliyemfunga Placidia sanda na hataki kufunga nyingine. Na kwamba pombe ile, hata kama ilichacha, ililetwa kwa mguu, na kibuyu hakirudi kitupu.

Dafroza alipiga magoti akalia. Alilia kwa sauti, sijamsikia akilia hivyo tangu siku ile. Na mimi kule chumbani macho yaliniwasha. Ni moshi bila shaka, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Jioni kakitundika juu ya kitanda. Nikaleta mto wangu. Kaniambia, na hilo ndilo neno la kwanza tangu juzi, kwamba chandarua hiki ni cha watu wawili, na mimi si mmoja wao. Nalala sebuleni.

Alhamisi, 26 Novemba

Mwandiko mbaya.

Homa imenishika tangu Jumanne. Baridi, kisha moto, kisha baridi. Nilimwona Gaudiosus, sijui shemeji au yule mwingine, ameketi juu ya kabati ana mabawa.

Majirani wamenibeba kwa machela mpaka zahanati. Aliyeshika mti wa mbele ni Ndyamukama. Maili nne, na mlima wote kauimbia tenzi za walokole! Hakuniuliza kitu. Hakunisuta hata kidogo. Mtu anayekubeba bila kukusuta anataka nini? Nimelifikiri hilo njia nzima nikiwa nimelala chali.

Wamenipa kwinini. Chungu! Mpaka masikio yanavuma. Mganga wa zahanati kauliza kama nalala ndani ya chandarua. Nikamjibu mimi nilikuwa Burma. Kaandika kitu kwenye karatasi.

Dafroza amepimwa naye. Hana homa, na mtoto anacheza tumboni. Niliposikia nilifunika uso kwa shuka. Asante Mungu. Hilo nalisema kweli, bila ujanja.

Jumatatu, 30 Novemba

Nimepona! Nimekonda, lakini akili imerudi yote.

Dafroza kaupasua mtumbwi wangu kuni. Uji wote niliokunywa wiki hii umechemshwa na mtumbwi wangu.

Senene, panzi wetu wa kukaanga, wameanza kuanguka, mbuga nzima ya kijani. Mwaka huu mke wangu hawezi kuinama kuniokotea, nami nikiinama naona nyota. Nikakumbuka kile chandarua. Kipana, laini, matundu madogo! Ukikivuta nyasini, si gunia zima? Ningekirudisha kabla ya jioni. Nikaingia chumbani polepole. Kumbe amekishonea kwenye godoro, pande zote, kwa sindano ya magunia ya kahawa! Kaacha kimlango kidogo, nacho anakifunga kutoka ndani. Nimesikitika. Mtu unaishi naye miaka sita, hakuamini.

Nimeketi barazani, nikawaza kwa utulivu, kama mtu mzima aliyejifunza kutokana na mateso. Na somo ni hili. Nilipeleka kwa Ndyamukama kibuyu kimoja cha viluwiluwi, tena nikakimwaga mbele ya macho yao. Kikarudi na chandarua. Kibuyu kimoja! Na kibuyu hakirudi kitupu, bibi kasema mwenyewe. Je, vitatu vikienda, vitarudi na nini? Havikosi kurudi na mtamba. Mtamba mmoja tu, na mimi nianze ufugaji wa kweli.

Ndizi za kutengenezea rubisi halisi sina, na mtumbwi ndio huo majivu. Lakini lile shimo langu la kuivishia ndizi, nyuma ya migomba, Dafroza hakulijua. Mvua ya juzi imelijaza. Ni hatua thelathini tu kutoka dirishani kwetu, hakuna usumbufu wa safari.

Nimekwenda kuchungulia. Wamo.

Nimewapondea ndizi.